Kungoja Usumaku Usimame

Hapa Migori wanaonifahamu wanajua kwamba sili njugu. Nikipita sokoni, akina mama wanaouza njugu za kukaanga hawanisumbui tena. Wengine husema ni meno, nami huwaacha waseme ni meno. Meno yangu hayana neno. Kuna nyumba moja tu ambamo nikiwekewa njugu nazila zote, na si kwa sababu nazipenda.

Nilisoma hadi kidato cha nne, nikapata alama za kuniwezesha kuosha vyombo vya wale waliopata alama bora kuliko zangu. Nilikuwa msaidizi wa maabara katika shule ya upili mpaka nikastaafu. Wanafunzi waliniita mwalimu, nami sikuwasahihisha. Hata watu wa nyumbani, upande wa Rangwe, walinizoea kwa jina hilo, japuonj, yaani mwalimu. Kwa hiyo miaka michache iliyopita, kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya njugu kilipofunguliwa nje kidogo ya Rangwe na wenyewe wakauliza ni nani hapa anayejua sayansi na hana kazi, kila aliyeulizwa alinitaja mimi.

Boma letu la asili haliko mbali na hapo, lakini mimi nilikuwa nimehamia Migori zamani, na kanisa langu liko huku. Siku za kazi nililala katika chumba cha kiwanda. Ijumaa jioni nilirudi Migori kwa Sabato. Mimi ni Msabato, na wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa. Anayezijua nyumba zetu anajua jinsi Ijumaa inavyokimbizwa: chakula cha kesho kipikwe leo, nguo zipigwe pasi leo, viatu ving'arishwe leo, kwa maana jua likizama kazi imekoma, na mzee wa kanisa hawezi kuonekana akishuka stendi na begi huku wenzake wameshafungua Sabato kwa wimbo.

Mashine niliyopewa ilikuwa na ukubwa wa sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, lakini wanaume wanne waliishusha kwenye gari wakiguna, kwa sababu ndani yake mlikuwa na sumaku kubwa mbili zinazotazamana. Kazi yake ilikuwa kusema njugu zina mafuta kiasi gani bila kuzivunja wala kuzisaga. Unatia punje ndani ya neli ya kioo, unaishusha neli kwenye tundu, unabonyeza, unasubiri, na namba inatokea. Kisha unazitoa njugu nzima kama zilivyoingia. Wenye kiwanda walitaka kujua njugu za nani zina mafuta mengi ili huyo awe mkulima wao wa mbegu. Aliyepungukiwa alipewa mbegu mpya ya kiwanda, kwa sharti kwamba aiondoe ya zamani shambani kabisa, zisije zikachanganyika.

Fundi aliyekuja kunifundisha alitoka Nairobi. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye viatu vya michezo, na aliniita mzee kwa heshima. Nilimsikiliza vizuri, na nitayaandika aliyonieleza kama nilivyoyaelewa, kwa sababu bila hayo kosa langu litaonekana dogo.

Ndani ya mafuta na ndani ya maji mna hidrojeni, na kiini cha kila hidrojeni ni sumaku ndogo inayozunguka kama pia ya watoto. Njugu zikiwa mezani, sumaku hizo zinaelekea kila upande, hii huku na ile kule, na jumla yake si kitu. Ukizitia katikati ya zile sumaku kubwa, karibu zote hubaki zimechanganyikiwa vilevile, ila zile zinazokubali kuifuata sumaku kubwa huzidi kidogo sana zile zinazokataa. Huo uzidi mdogo ndio mali yote ya mashine. Ukiujumlisha ni kama mshale mmoja uliosimama wima. Yeye aliuita usumaku.

Mshale uliosimama hausikiki. Ili usikike, mashine hutuma pigo la mawimbi ya redio, fupi kuliko kupepesa jicho, likienda sawasawa na mwendo wa zile sumaku ndogo. Pigo likiwa na urefu unaofaa, mshale huanguka robo ya duara ukalala. Ukilirefusha mara mbili, mshale hupinduka kichwa chini, na hapo pia hausikiki. Lazima ulale. Ukilala huku unazunguka, waya uliozungushiwa neli hupata umeme kidogo, na umeme huo ndio mstari unaouona kwenye skrini: unaanza juu, unashuka, unazidi kushuka, mpaka unakuwa bapa kama meza.

Tena kila kitu hunyamaza kwa wakati wake. Wanga na vitu vingine vigumu vya njugu hunyamaza karibu papo hapo. Maji yaliyoshikiliwa ndani ya punje kavu hufuata. Mafuta ndiyo ya mwisho, kwa kuwa chembe zake zinateleza huru. Basi mashine huwaacha wengine wanyamaze, halafu hutuma pigo la pili, la nusu duara, kuyakusanya mafuta yasikike tena. Hapo fundi alinipa mfano wa soko la Rangwe, ambalo alikuwa ameliona asubuhi hiyohiyo.

"Watu watoke sokoni wakati mmoja, barabara moja," alisema. "Baadaye wametawanyika, si ndiyo? Mwenye baiskeli ako mbali, mwenye mzigo kichwani bado ako karibu na lango. Sasa waambie wote wageuke warudi, kila mtu na mwendo wake. Mwenye baiskeli ana njia ndefu lakini ana mbio. Mwenye mzigo ana njia fupi. Watafika lango pamoja. Huo ndio mwangwi."

"Na yule aliyesimama njiani kupiga gumzo?" nikamwuliza.

Akacheka. "Huyo, mzee, hatumrudishi. Huyo amepotea."

Nilijivunia swali langu siku nzima.

Mwisho kulikuwa na kusubiri. Mashine ilirudia kipimo mara kadhaa kwa kila neli na kuvijumlisha, na baina ya kipimo na kipimo ilikaa kimya. Muda wa kukaa kimya ulikuwa kwenye menyu, na yeye ndiye aliyeuweka. "Huu usiuguse, mzee," alisema. Nikasema sawa. Sikuuliza kwa nini. Mtu anayeitwa mwalimu haulizi kwa nini mara mbili kwa siku moja, hasa akiwa ameshasifiwa swali la kwanza.

Msimu wa mavuno ulipofika, foleni ya Ijumaa ilikuwa ndefu kuliko ya siku nyingine, kwa sababu wanawake Wasabato wa Rangwe walitaka jambo hilo liishe kabla ya Sabato, wasikae nalo mioyoni wakati wa ibada. Walikaa uani, juani, na mifuko yao ya njugu, wakiniita dirishani. "Japuonj, jikoni kwangu hakuna mtu." "Japuonj, hiyo mashine yako inasali kwanza?" Nami nilikaa nikiutazama ule mstari. Ulishuka, ukawa bapa, na mashine ikanyamaza ikisubiri. Nilijiuliza, inasubiri nini? Hakuna tena kinachosikika. Mstari umelala, kazi imekwisha. Huku ni kupoteza mwanga wa Mungu bure.

Ijumaa moja niliingia kwenye menyu nikaufupisha muda wa kusubiri. Nikaukata mpaka ukawa mkia tu. Foleni ikaanza kwenda. Namba zilitoka moja baada ya nyingine, wanawake wakanisifu, nami nikafika Migori jua likiwa bado juu ya mabati. Jumapili asubuhi, kwa kuwa sisi Jumapili ni siku ya kazi, niliurudisha muda mahali fundi alipouweka, nikapima ile chupa ya mafuta ya kulinganishia kama nilivyoagizwa kila mwanzo wa wiki. Ikatoa namba yake ileile ya siku zote. Basi nikaamini kwamba nimegundua kitu ambacho watu wa Nairobi hawakukiona. Kuanzia hapo kila Ijumaa nilikata, na kila Jumapili nikarudisha, na chupa haikunisaliti hata mara moja.

Sasa niseme habari za shemeji yangu. Kaka yangu mkubwa alikufa zamani, na mkewe ndiye aliyebaki kulishika boma. Mama yetu alipokuwa anazeeka alimkabidhi mbegu yake ya njugu. Zilikuwa punje ndogo, nyekundu iliyokolea, zenye doa jeupe pale zinapochipukia. Mama alizitoa kwao alipokuja kuolewa, na hatukuwahi kuziona kwa mtu mwingine. Kwa kuwa shemeji ni mke wa mwana wa kwanza, kwa desturi yetu yeye ndiye anayetangulia kupanda. Hakuna jembe la mke mwingine bomani lililoingia shambani kabla ya hizo nyekundu kuingia, na mama kabla ya kufa alimwambia mbele yangu kwamba mbegu hiyo isitoke bomani.

Mimi mke wangu alikuwa ameshafariki. Shemeji, bila kuombwa, alianza kunipikia chakula cha Sabato. Kila Ijumaa alileta kikapu: samaki mkavu aliyepikwa kwa rojo ya njugu hizohizo, mboga, na ugali uliofungwa kwa kitambaa. Nilikibeba mpaka Migori na kesho yake nikala baada ya ibada. Hakuwa Msabato. Alisema tu kwamba mtu mzima hawezi kumwabudu Mungu na tumbo lililojaa mkate wa duka.

Ijumaa aliyoleta njugu zake kupimwa, alichelewa kwa sababu ya samaki wangu. Alifika wa mwisho, kikapu mkononi, na njugu kichwani ndani ya mfuko mdogo. Alikuwa amezizoa kwenye turubai ya kuanikia dakika ileile ya kutoka, kwa hiyo nilipotia mkono zilikuwa za moto kama zimetoka kwenye kikaango.

"Shemeji, chakula hiki hapa. Usikiinamishe, rojo itamwagika."

"Weka pale. Lete njugu."

"Leo hata salamu hakuna?"

"Jua linakwenda, mama."

"Jua huenda kila siku, japuonj. Halijawahi kukuacha."

Wanawake waliokuwa wakifunga mifuko yao walicheka. Nikatia punje ndani ya neli, nikaishusha, nikabonyeza. Namba ilikuwa chini. Haikuwa chini sana, lakini ilikuwa chini ya ile iliyotakiwa.

"Mafuta machache," nikamwambia.

"Machache kwa nani? Rojo uliyowekewa hapo haina tone la mafuta ya duka."

"Mashine ndiyo inayosema. Si mimi."

"Basi iambie itazame tena."

Nikapima tena palepale, kwa haraka ileile, na namba ikawa ileile. Kosa likirudiwa vilevile hufanana sana na ukweli. Nikamgeuzia skrini aone, ingawa nilijua hasomi vitu vya skrini.

"Mama mkwe wangu alisema mbegu hii isitoke bomani," alisema, kwa sauti ya chini sasa.

"Mashine haina mama mkwe," nikajibu.

Uani walicheka zaidi. Naye akacheka kidogo, kama mtu anavyocheka mbele za watu. Kisha akauliza, "Wewe mwenyewe unasema niziache?"

Hapo ndipo ningeweza kusimama. Ningeweza kusema, mama, ziweke hapa mpaka Jumapili tupime kwa utulivu, zikiwa zimepoa. Nilitazama dirishani, nikaona kivuli cha ukuta kimefika mlangoni. Nikasema, "Namba imesema." Nikachukua kikapu, nikafunga mlango.

Laiti angekuwa mwanamke mjanja, angechukua mbegu mpya na kuficha ya zamani kwenye chungu. Wengine walifanya hivyo. Yeye aliapa kwamba ataiondoa, na akaiondoa. Alikaanga njugu zote za mama, akaziuza kwa vikombe pale Rangwe, siku ya soko hii na ile, mpaka zikaisha. Kiasi kilichobaki kilisagwa kikaingia kwenye kikapu changu. Nilikula mwisho wa mbegu ya mama hapa Migori, mchana wa Sabato, nikamwambia mzee mwenzangu aliyekuwa mgeni wangu kwamba hakuna mwanamke anayepika rojo kama shemeji yangu.

Ilipita misimu kadhaa. Yule fundi alirudi kuikagua mashine, na kwa bahati gari lake lilichelewa, akafika Ijumaa mchana foleni ikiwa uani. Nilimkaribisha kwa furaha. Nilitaka aone jinsi ninavyokwenda kasi. Nikafungua menyu mbele yake na kukata muda.

"Mzee, unafanya nini?"

"Napunguza kusubiri. Ijumaa watu ni wengi."

"Nani alikuambia upunguze?"

"Hakuna aliyeniambia. Tazama mwenyewe. Mstari umeshalala, hakuna kitu tena pale."

Hakukasirika. Nadhani ingekuwa nafuu kwangu kama angekasirika. Alichukua chupa ya mafuta ya kulinganishia, akaipima kwa muda wangu wa Ijumaa. Namba ilikuwa chini ya ile niliyoijua kwa moyo. Akaurudisha muda wake, akapima. Namba ikapanda mahali pake. Akakata tena, ikashuka. Nilisimama nikitazama mafuta yaleyale, ndani ya chupa ileile iliyozibwa, yakipungua na kuongezeka kwa kidole cha mtu.

"Ni kweli umelala," alisema. "Lakini haujasimama. Mtu akianguka chini akanyamaza, utasema ameamka?"

Akanieleza lile ambalo sikuliuliza mwanzoni. Kunyamaza ni jambo moja, kusimama tena ni jambo lingine, na la pili ndilo linalochelewa. Pigo likilaza usumaku, zile sumaku ndogo hupotezana haraka, na sauti inakufa. Lakini ule uzidi wenyewe, ule mshale, hurudi wima polepole, nje ya masikio ya mashine. Ukipiga tena kabla haujarudi, unaangusha kile kidogo kilichokwisha kusimama, na hicho kidogo ndicho unachokisikia. Mashine haidanganyi. Inasema ilichokipata.

"Na kama njugu ni za moto?" nikauliza.

"Za moto ndiyo mbaya zaidi. Mafuta yakipata moto yanachelewa zaidi kusimama. Na hata uzidi wenyewe unapungua. Kwa nini?"

Nikaichukua chupa nikairudisha mahali pake. Alitaka njugu za kupimia baada ya mafuta, akaniomba neli yoyote iliyohifadhiwa. Tulikuwa na sanduku la neli za zamani chini ya meza. Tulitakiwa kuweka sampuli moja kutoka kwa kila mkulima, lakini nyingi zilikuwa tupu. Nilikuwa na tabia ya kula njugu nilizokwisha kupima, na si mimi peke yangu. Nikainama kutafuta neli yenye kitu. Nyuma kabisa, imebanwa pembeni, nikaona rangi nyekundu iliyokolea na madoa meupe. Sikuwa nimeihifadhi kwa upendo. Siku ile nilikuwa na haraka kiasi kwamba niliitupa humo na kizibo chake bila hata kuila.

Tukaipima ikiwa imepoa, kwa muda kamili. Fundi akapiga mluzi. "Hizi ni za wapi? Hizi ndizo mngefanya mbegu."

Jioni hiyo nilichelewa Sabato kwa mara ya kwanza. Jumapili nilimwambia meneja yote. Akanisikiliza, akasema Ijumaa hizo zimeshapita, kwamba wakulima wana mbegu mpya na wameridhika, na kwamba nisiende kuwachanganya watu. Nikamwambia kuna mmoja nitakayemchanganya. Nikaitia neli mfukoni nikaenda bomani.

Shemeji alikuwa ameketi mlangoni akichagua njugu kwenye ungo, zile kubwa nyeupe za mbegu mpya. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza. Nilimweleza yote, mashine, muda, jua la Ijumaa, njugu za moto. Sikuacha hata ile kauli ya mama mkwe. Vidole vyake havikusimama. Alichagua, akatupa mbovu, akachagua. Nilipomaliza hakusema neno. Kuku alikuja akadonoa zile mbovu, akaenda, na bado hakusema neno. Nikaona uso wake umetulia, na moyo wangu ukapata nafuu. Nikajiambia, ameyapokea, mama huyu ana moyo mkubwa.

"Basi yamekwisha," nikasema, nikatoa neli mfukoni. "Tuzipande hizi, mama. Mbegu itarudi."

Akainua macho. "Nani amekuambia yamekwisha?"

"Nimeona umenyamaza."

"Nimenyamaza, ndiyo," akasema, akarudi kwenye ungo.

Nilikaa pale na neli mkononi. Nilikuwa nimetoka kufundishwa jambo lile siku mbili tu nyuma, kwa mafuta ya chupa, nikalifahamu, na bado nililifanya tena kwa mtu. Baadaye alinyoosha mkono bila kunitazama, nami nikampa neli. Niliondoka bila kusindikizwa, na katika boma letu mgeni hukosa kusindikizwa pale tu alipoudhi sana.

Mvua zilipokaribia nilienda siku aliyonitumia habari niende. Wake wa wadogo zetu walikuwa wamesimama ukingoni mwa shamba na majembe yao, mbegu mpya vikapuni, wakimngoja mkubwa wao atangulie. Alizimimina punje nyekundu kiganjani. Hazikujaza hata kiganja. Alizipanda mstari mfupi karibu na kaburi la mama, moja moja, akizifunika kwa vidole kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Ndipo akawaambia wenzake, "Ingieni."

Mvua ilikuwa nzuri mwaka ule. Njugu nyeupe zilitoka zote, shamba likawa kijani. Mstari wa karibu na kaburi ulibaki udongo mtupu. Nilikuwa nikienda kila Jumapili kutazama. Nilijiambia kwamba mbegu ya zamani huchelewa, kwamba safari hii nimejifunza kusubiri, nami nikasubiri kwa bidii kama mtu anayelipwa. Mwishowe shemeji alichoka na kusubiri kwangu. Alipiga magoti akafukua moja kwa kidole. Ilikuwa imeoza, laini, nyeusi. Aliisugua baina ya kidole na gumba, akaninyooshea mkono nione unavyong'aa.

"Mafuta yamo," alisema. "Mashine yako haikudanganya mara hii, japuonj. Mafuta yamo tele."

Nilijua kabla hajasema. Punje iliyobambuliwa na kukaa kwenye kioo chini ya meza, katika joto la misimu yote hiyo, haiwezi kuishi. Ningekuwa nimemwuliza mwanamke yeyote pale uani angeniambia. Lakini namba ilikuwa imepanda mbele ya macho yangu, nami nikadhani kilichosimama ndani ya sumaku kitasimama shambani pia. Mashine ilipima mafuta. Haikuahidi kingine.

Kiwanda kilihamia kwingine na mashine yake, na wala sikuulizwa kama ningependa kuifuata. Uzee wa kanisa niliurudisha mwenyewe. Wenzangu walitaka sababu, nikawaambia ni afya. Bado Ijumaa najitayarisha mapema kama zamani, ila siku hizi sina pa kukimbilia, na chakula changu cha Sabato najipikia. Kikapu hakikuja tena baada ya siku ile ya kigoda, na sikutarajia kije.

Bomani bado naenda, kwa sababu ni kwetu na kwa sababu kaka yangu amelala pale. Shemeji hunipokea. Huuliza habari za Migori, kama barabara imekauka, kama goti langu limepona. Kisha huingia ndani akatoka na sahani ya njugu za kuchemsha, zile kubwa nyeupe, ambazo hata mtoto wa boma lile anajua kwamba ladha yake ni ya maji. Huiweka mbele yangu.

"Kula, shemeji. Hizi mashine yako ilizisifu."

Nazila. Yeye hukaa mkabala nami, mikono mapajani, na wala hazungumzi nikila. Siku hizi siulizi ukimya huo una maana gani. Nabambua moja, natafuna, nabambua nyingine, na hata nikishiba haondoi sahani. Hungoja mpaka nimalize ya mwisho. Hana haraka.